Ruzuku ya intaneti kwa kliniki za vijijini Marekani: usisaini kabla ya siku ya 29

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama msaini wiki hii ule mkataba wa fiba wa dola 1,200 kwa mwezi kwa sababu mwakilishi wa kampuni amesema serikali italipa sehemu kubwa, na kama mfuko wa ruzuku hiyo utakuwepo baada ya ile kesi ya Mahakama ya Juu iliyopinga namna unavyochangiwa. Nianze na la kwanza. Msisaini. Fedha zipo, lakini saini hiyo ndiyo itakayowakosesha.

Mfuko huo (Universal Service Fund, unaochangiwa na kampuni za mawasiliano) unatokana na Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya 1996. FCC, tume ya serikali ya mawasiliano, inaweka kanuni; USAC, shirika linalouendesha mfuko, inapokea maombi na kulipa. Milango ni miwili. Healthcare Connect Fund hulipa asilimia 65 ya gharama: kwenu ni dola 780, mnabaki na 420. Telecom Program, ule wa zamani, hulipa tofauti kati ya bei ya kijijini na bei ya mjini. Pale laini ni dola 6,000 kijijini na 600 mjini, kama inavyotokea sehemu kama Alaska, Telecom itatoa 5,400 wakati mwenzake angetoa 3,900. Ila bei ya kijijini lazima ithibitishwe kwa nyaraka, na hapo ndipo maombi hukwama. Kwa dola 1,200 sioni haja ya kujitesa. Nendeni na asilimia 65.

Kwanza hakikisheni mnastahili. Kliniki iwe ya umma au isiyo ya faida. Wengi hudhani cheti cha kliniki ya kijijini cha Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kinatosha. Kama mwenye kliniki anagawana faida, hakitoshi. Kila jengo lina Fomu 460 yake ya kuthibitisha kuwa linastahili, na hiyo hupokelewa mwaka mzima. Andikeni anwani ya jengo lenyewe, maana ndiyo inayoamua kama mko kijijini kwa vigezo vyao.

Sasa zabuni, ambapo watu wengi huanguka. Mnajaza Fomu 461 kueleza mnachohitaji, pamoja na jedwali la alama: bei pointi ngapi, uimara wa laini ngapi, muda wa kufunga ngapi. Jedwali liandaliwe kabla ya ofa kufika. USAC wakishaiweka fomu hiyo kwenye tovuti yao, mnasubiri siku 28 kamili na kusaini siku ya 29 au baadaye. Hesabu inaanza siku tangazo lilipowekwa, si siku mliyobonyeza kutuma. Hamlazimiki kuchukua bei ya chini kabisa, lakini alama zionyeshe kwa nini mliyemchagua ndiye mwenye gharama nafuu baada ya kupima ubora. Ikija ofa moja tu, hifadhini barua pepe zote. Na huyo mwakilishi asiwaandikie hata mstari mmoja wa Fomu 461. Muuzaji anayegombea zabuni haruhusiwi kuiandaa.

Kuna msamaha: gharama zote stahiki zisipozidi dola 10,000 kwa mwaka, zabuni haihitajiki. Nyinyi mko 14,400, kwa hiyo hauwahusu. Hata mwenye laini ya dola 800 awe makini: mwaka ni 9,600, akiongeza rauta ya 700 ameshavuka.

Maombi ya fedha ni Fomu 462. Mwaka wa mfuko ni Julai 1 hadi Juni 30, na miaka ya karibuni dirisha la maombi limekuwa likifunguliwa Desemba 1 na kufungwa Aprili 1. Fomu 461 ikipelekwa katikati ya Machi, siku 28 hazitatosha. Ipelekeni vuli. USAC wakiuliza swali, mna siku 14 za kujibu, kwa hiyo weka barua pepe inayosomwa na watu wawili.

Ile asilimia 35 lazima itoke kwenu au chanzo kinachokubalika, kama ruzuku ya jimbo. Kampuni ikisema "tutawasamehe hiyo", kimbieni. Kompyuta za wafanyakazi, vifaa vya tiba na simu za sauti havilipiwi na mlango huu.

Baada ya kuidhinishwa, Fomu 463 ndiyo ankara. Mnathibitisha mmelipa sehemu yenu, kampuni inathibitisha yake, USAC inailipa kampuni. Mwisho ni siku 120 baada ya tarehe ya mwisho ya kutoa huduma, ambayo kwa kawaida ni Juni 30. Msiache miezi 12 irundikane. Nyaraka zote zikae miaka 5. Mkikataliwa, rufaa ni ndani ya siku 60, kwanza USAC, kisha FCC.

Kuhusu kesi, tulieni: Juni 27, 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba utaratibu wa kuchangia mfuko haukiuki Katiba.