Je, asiyeamini awe mkali anapoikosoa dini?

SWALI: Ndugu Mhariri, ni miaka sasa siamini dini yoyote, wala sifichi. Rafiki yangu, ambaye naye haamini, hushikilia kwamba upole ni woga, na kwamba waumini wachekwe hadharani, kama alivyohimiza mwanabiolojia Mwingereza Richard Dawkins katika mkutano wa wasioamini mjini Washington mwaka 2012. Mimi nasita, kwa kuwa mama yangu ni mwanakwaya na majirani zetu ni watu wa swala tano. Nishike lipi? — Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, Ibara ya 18 na ya 19 za Katiba ya mwaka 1977 zinamlinda rafiki yako kama zinavyomlinda mama yako. Tena yapo mambo yasiyostahili upole. Mwaka 2011, watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakiamini kwamba kingewaponya hata UKIMWI, aliyedai ushahidi waziwazi na kuwasihi wagonjwa wasiache dawa zao hakuwa mkorofi, kwa maana alikuwa akipinga dai linaloweza kupimwa, ambalo kosa lake lingelipwa kwa uhai wa mtu.

Kumcheka bibi anayesali rozari ndani ya daladala ni jambo jingine kabisa, kwani hajadai chochote kwako. Jiji hili limekwisha kuonja kejeli za namna hiyo, tena baina ya waumini wenyewe: katika mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, Waislamu na Wakristo walichambuana vitabu viwanjani, na sidhani kama wengi walibadili imani kwa kuzomewa. Malalamiko ya kashfa za dini yalizidi kuwa makali hadi vurugu za msikiti wa Mwembechai, mwaka 1998, ambako watu walipoteza maisha.

Rafiki yako akumbuke pia Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho binafsi nakiona kipana mno, kinachomtia hatiani anayetamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwingine.

Mama yako akikuuliza kwa nini huendi ibadani, mjibu ukweli bila kuzunguka. Asipouliza, mwache na kwaya yake. Lakini siku atakapokuambia kwamba nabii fulani amemwagiza aache dawa za presha, mpinge nabii huyo kwa jina lake, hata mbele ya waumini wake ikibidi.