Shangazi, nimeshikilia daraja la kwanza lakini nimechoka. Niende uzamivu au nipumzike?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24. Mwezi Mei nilimaliza mtihani wa mwisho wa shahada ya mikrobaiolojia, nikapata daraja la kwanza. Msimamizi wa mradi wangu ananihimiza niombe nafasi ya uzamivu (PhD) Marekani kabla ya Desemba, maana huko mtu anaweza kuingia bila uzamili. Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu, ameshatangaza barazani kuwa bintiye anakwenda kuwa daktari. Lakini Shangazi, nimechoka. Nimepata kazi ya mkataba wa mwaka mmoja katika maabara na natamani kuifanya, hata ikibidi miaka miwili, ndipo niombe. Baba anasema samaki hukunjwa angali mbichi. Mama anasema nikishashika mshahara, au nikiolewa, masomo basi. Je, nikingoja nitakuwa nimejiharibia? Na la mwisho, ambalo sijamwambia mtu: sijui hata kama huo uzamivu nautaka.*
*Mchovu, Malindi*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Daraja la kwanza halipatikani kwa kulala, kwa hiyo huo uchovu wako hauhitaji kuombewa radhi.

Hebu tuhesabu miezi kwanza, kabla hujavutana na babako. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu mwezi Desemba. Majibu huanza kuja Januari hadi Machi, aliyekubaliwa kwa kawaida hupewa hadi tarehe 15 Aprili aamue, na masomo huanza Agosti au Septemba. Wewe ulimaliza Mei. Hata ukituma maombi kesho alfajiri, utakuwa umekaa miezi 15 tangu Mei kabla ya kuingia darasani. Mapumziko ya mwaka mmoja unayoyagombania umeshayapata, na si mimi wala wewe tuliyeyaamua, ni kalenda ya watu wa huko. Mnachobishania nyumbani ni kama uombe Desemba hii au ile ijayo, yaani miezi 15 au miezi 27. Mwambie babako hivyo, kwa hesabu, maana alikuwa mwalimu. Mambo yatapoa kidogo.

Sasa ushauri wangu. Shika kazi, na Desemba hii usiombe. Omba ijayo, kama bado utataka.

Nasema hivyo kwa sababu ya insha. Maombi ya uzamivu hayataki alama tu. Yanataka uandike kurasa mbili hivi kueleza ni swali gani la kisayansi linalokukosesha usingizi, umeshalifanyia nini, na kwa nini unataka kulifuata katika maabara ya profesa fulani na si mwingine. Mtu aliyechoka huandika kwamba alipenda sayansi tangu utotoni. Hao wasomaji wa maombi wameshasoma sentensi hiyo mara nyingi mno. Zaidi ya hapo, vyuo vingi hutaka barua tatu za mapendekezo. Una msimamizi wako. Wa pili huenda ni mhadhiri aliyekufundisha vizuri. Wa tatu ni nani? Mwanafunzi anayetoka moja kwa moja darasani mara nyingi huishia kumwomba mtu anayemjua kwa alama zake tu, na barua ya namna hiyo husomeka kama cheti. Mwaka mmoja maabarani utakupa mtu aliyekuona ukirudia jaribio lililoharibika bila kununa. Na usisahau kwamba kila chuo hutoza ada ya maombi, mara nyingi zaidi ya dola 70, ingawa baadhi husamehe ukiomba mapema. Kuomba vyuo sita ukiwa nusu usingizi ni hasara ya fedha pia.

Ila kazi yenyewe iulize maswali kabla ya kusaini. Kuna maabara zinazofanya utafiti na kuna zinazopima sampuli za wagonjwa kutwa kucha, na hizo mbili hazifanani. Zote ni kazi ya halali, lakini ni ile ya kwanza itakayokujibu kama uzamivu unakufaa. Kama hiyo uliyopata ni ya kupima tu, ichukue ukihitaji, huku ukiangalia pengine. Wewe uko Malindi. Kilifi ni mwendo wa saa moja hivi, na kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kipo hapo tangu 1989. Vituo kama hicho, na icipe ya utafiti wa wadudu au ILRI ya utafiti wa mifugo kule Nairobi, hupokea wahitimu wachanga kwa mafunzo ya kazi. Ukipata pa kukaa na watafiti, waangalie hasa wale wanafunzi wa uzamivu. Angalia saa ngapi wanatoka, wanazungumza nini wakila chakula cha mchana, wanakasirishwa na nini. Hakuna ukurasa wa chuo utakaokueleza hayo.

Kuna jambo ambalo pengine msimamizi wako hajakugusia, kwa kuwa yeye anaona njia moja. Marekani si pekee. Ukitaka kufanya uzamivu hapa nyumbani, au icipe kwenye mpango wao wa uzamivu, ARPPIS, uliopo tangu 1983, utahitaji uzamili kwanza. Ulaya nako mara nyingi ni vivyo hivyo. Na kuna ufadhili wa uzamili ambao wenyewe unadai mtu awe amefanya kazi: Chevening ya Uingereza hutaka uzoefu wa miaka miwili, saa 2,800. Huko huo unaoitwa kupoteza muda ndio sharti la kuingia. Ila usikae mno. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, kwa mfano, kwa kawaida hutaka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Mwaka mmoja au miwili haimtishi yeyote. Mitano bila kuandika wala kugusa utafiti, hapo utaanza kujieleza.

Babako na samaki wake nawaheshimu, lakini methali hiyo ni ya kulelea watoto. Mtu wa miaka 24 ameshakunjika.

Mamako ndiye amesema neno zito, nami sitalipuuza. Mshahara hushika watu kweli, ila si kwa utamu wake. Hushika kwa sababu nyumba nzima huanza kuuegemea. Mwezi wa kwanza unamlipia mdogo wako karo, ukijiambia ni mara hii tu. Wa tatu unasaidia paa la nyumba ya bibi. Ikifika Desemba ya maombi, kila shilingi yako ina mwenyewe, na ukisema unataka kwenda kusoma unaonekana unawatupa. Wanaonaswa hivyo ni wengi, na wengi wao ni watoto wa kike waliofaulu. Basi siku ile ile unayopokea mshahara wa kwanza, kaa na wazazi uwaambie kiasi utakachotoa kila mwezi na mwezi utakaoacha kutoa. Itakuwa aibu kidogo. Aibu ya siku hiyo ni nafuu kuliko ya miaka miwili baadaye. Sehemu nyingine ya mshahara iende kwa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kama ulichukua mkopo: mwaka mmoja baada ya kumaliza wanatarajia uanze kulipa, riba ni asilimia 4, na anayejificha hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwenda ng'ambo hakufuti deni hilo.

Kuhusu kuolewa, sijui kama kuna mtu au mamako anaota tu. Kama yupo, mwambie mapema kuhusu Desemba ijayo, tena kwa tarehe. Atakavyolipokea utajifunza mengi. Wangari Maathai alimaliza shahada ya kwanza mwaka 1964 na ya uzamili 1966, akarudi Nairobi akafanya kazi ya msaidizi wa utafiti, akaolewa 1969, na uzamivu akaupata 1971. Hiyo ni miaka saba tangu shahada ya kwanza, na katikati kuna kazi na ndoa. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada hiyo. Alikuwa na miaka 31, umri ule ule utakaokuwa nao wewe, au mwaka mmoja zaidi, ukiingia na miaka 26 na kumaliza kwa miaka mitano au sita inayochukua huko Marekani.

Sasa lile ulilolificha mwishoni. Miaka mitano au sita ni mingi kuikaa kwa ajili ya tangazo la barazani. Katika sayansi vyuo vya Marekani kwa kawaida hukulipia masomo na kukupa posho ya kujikimu, kwa hiyo fedha haitakuwa sababu ya kukutoa. Kitakachokutoa ni mwaka wa tatu, jaribio limegoma tangu Februari, theluji iko dirishani, na ndani yako hakuna hamu ya kujua jibu. Kutojua kama unautaka si kosa la kuficha. Ndiyo sababu kubwa ya kungoja, na kwangu ina uzito kuliko uchovu. Uchovu utaisha ukilala na kula vizuri miezi mitatu. Ukiona umeshapumzika, na bado unapochukua makala ya utafiti unaiweka chini bila kumaliza, basi tafuta kazi nzuri ya mikrobaiolojia uifanye, na babako tutamtafutia neno. Ukijikuta unakaa maabara hadi jioni bila kulazimishwa kwa kuwa unataka kuona kilichoota kwenye kisahani, fungua maombi.

Mtu ambaye hupaswi kumkwepa wiki hii ni msimamizi wako. Vijana wengi hukosea hapa: hunyamaza, simu hazipokelewi, na mwaka ukipita wanarudi kuomba barua kwa mtu aliyekwisha kuwakasirikia. Mwandikie kwa upole: "Profesa, nimefikiri sana. Desemba hii sitaomba, nitaomba ijayo. Mwaka huu nafanya kazi ya maabara. Nakuomba uniandikie barua sasa wakati mradi wangu bado unaukumbuka, ili mwakani uiongezee tu. Na kama matokeo ya mradi yanafaa kuchapishwa, niko tayari kuandika rasimu mwishoni mwa juma." Hilo la rasimu usiliweke kama hutalifanya.