Hati ya nyumba si kibali cha kukaa

Unauliza kama Mwingereza mwenye nyumba Ufaransa anaweza kukaa huko apendavyo? Hapana ndugu, kumiliki nyumba hakumwongezei hata siku moja. Tangu 1 Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, anaruhusiwa kukaa bila viza siku 90 tu katika kila siku 180, na siku alizokaa Hispania au Italia zinahesabiwa humo humo, kwa kuwa nchi hizo zimo pamoja na Ufaransa katika eneo la Schengen, lenye kanuni moja ya kuingia; siku ya kuingia na ya kutoka nazo zinahesabiwa. Mimi nasafisha nyumba zao huku Dordogne, Ufaransa. Bibi mmoja ana kalenda jikoni, kila siku ikipita anaikata kwa kalamu nyekundu. Inauma kumwona anafunga madirisha ya mbao wakati bustani ndiyo kwanza inachanua. Akitaka zaidi, aombe viza ya muda mrefu kabla hajatoka Uingereza. Mwingereza aliye na pasipoti ya Ireland pia, hili halimhusu, kwa sababu Ireland imo Umoja wa Ulaya.