Mshahara upo, moyo hautulii

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini kazi ya mapokezi hotelini Malindi inakulipa kuliko useremala uliouacha Lamu, na bado kila jioni unarudi nyumbani na moyo mzito. Huo si uvivu, wala si kukosa shukrani.

Mwaka 1997 mtafiti wa Marekani, Amy Wrzesniewski, na wenzake walieleza kuwa watu huitazama kazi yao kwa namna tatu: riziki, njia ya kupanda cheo, au wito. Hata makarani wa kazi moja waligawanyika katika makundi yote matatu. Kwa hiyo jina la kazi peke yake halikwambii kitu.

Wewe umeshataja kinachokuchoma: unaagizwa umwahidi mgeni chumba cha kutazama bahari ilhali unajua kimeshachukuliwa. Unathamini ukweli, na kazi inakutaka uuweke kando kila siku mbele ya mtu anayekuamini. Nyongeza ya mshahara haiponyi jambo hilo, nakwambia kweli. Ingekuwa ni uchovu wa zamu tu, ningekushauri upumzike.

Usiache kesho, maana mama anakutegemea. Kwanza mwombe meneja akuhamishie kwenye kuwatembeza wageni, mahali kama magofu ya Gedi, ambako unaeleza unachokijua bila kudanganya mtu. Akikataa, anza kuweka akiba, na umpigie fundi wako wa Lamu umuulize kama bado ana nafasi.