Blanketi au Kitambaa Kilicholowa?

SWALI: Tukisafiri mwendo mrefu wakati wa joto, mimi huifunga chupa ya maji ya baridi kwa blanketi zito, lakini mwenzangu hushikilia kwamba blanketi huleta joto na kwamba kifaacho ni kitambaa kilicholowa. Nani kati yetu amepatia, na je, tukitumia vyote viwili, ubaridi hautazidi?

JIBU: Blanketi halina joto lake lenyewe. Kinacholifanya lifae usiku wa baridi ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake, ambayo kwa kuwa imetulia hupitisha joto kwa shida sana. Na kwa vile joto huelekea daima penye baridi, blanketi lilelile linalolizuia joto la mwili lisitoke ndilo litakalolizuia joto la nje lisiifikie chupa. Hapo mwenzako amekosea. Hata hivyo, kazi ya blanketi ni kuchelewesha tu. Chupa yenye kuta mbili na ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, katikati, aliyoibuni mwanasayansi James Dewar mwaka 1892 ili kutunzia gesi zilizogeuzwa kuwa vimiminika, hulizuia joto vizuri zaidi kuliko blanketi lolote, lakini nayo hupenyezwa kidogo kidogo shingoni na kwenye kizibo.

Kitambaa kilicholowa, kwa upande wake, huondoa joto lililokwisha kuingia. Molekuli za maji zenye nishati kubwa ndizo zinazoponyoka na kuwa mvuke, na zinazobaki, zikiwa na nishati ndogo, huwa baridi zaidi. Gramu 1 ya maji ikivukizwa huchukua takriban jouli (kipimo cha nishati) 2,400, ilhali kuipoza gramu hiyo kwa nyuzi 1 ya Selsiasi ni kuiondolea jouli 4.2 tu. Lau joto hilo lote lingetoka chupani, gramu 20 za maji zingetosha kupoza lita nzima kwa nyuzi 11 hivi. Kwa kweli sehemu yake hutoka katika hewa inayoizunguka chupa, kwa hiyo faida hupungua. Ukitaka kulihisi jambo hili, lowesha migongo ya mikono yote miwili, uvike mmoja mfuko wa plastiki, kisha uiweke yote penye upepo: ule ulio wazi utapoa mara moja, na uliofunikwa utabaki vilevile.

Jaribio hilo linaonyesha pia kwa nini vitu hivyo viwili havipatani. Ukifunika kitambaa kibichi kwa blanketi, mvuke hukosa pa kutokea na uvukizaji hukoma. Tena blanketi lenyewe hulowa, maji yakashika nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu. Mtakuwa mmepoteza faida zote mbili.

Kipi basi mchague? Hewa ikiwa na nyuzi 35 na unyevuanga wa asilimia 20, kitambaa kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 19. Unyevuanga ukifika asilimia 80, hakitashuka chini ya nyuzi 32 hivi, hata upepo uvume namna gani. Maji yaliyotoka kwenye friji yana ubaridi kuliko viwango vyote viwili, kwa hiyo kitambaa hicho kingeyapasha joto. Kwa safari yenu, tumieni blanketi, nalo liwe kavu. Maji yakishapata joto njiani, na hewa ikiwa kavu, ndipo mlivue na kuizungushia chupa kitambaa kilicholowa, kivulini penye upepo.

SWALI: Mtungi wetu wa udongo haupozi maji tangu tulipoupaka rangi ya mafuta kwa nje. Kwa nini?

JIBU: Rangi imeziba vinyweleo ambavyo maji yalipenya hadi nje na kuvukizwa. Kama hamwezi kuikwangua, uvisheni mtungi kitambaa cha pamba kinachoshika maji, mkiloweshe kila kinapokaribia kukauka, nacho kitafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na udongo.