Mazda CX-5 ya dizeli yenye umri: kusafisha EGR na DPF au kuzikata?

Ndugu muulizaji, nimekuelewa hivi: una Mazda CX-5 ya dizeli ya mwaka 2013 uliyoinunua mkononi mwa mtu hapahapa Dar es Salaam, taa ya DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi) iliyokuwa ikiwaka tu sasa inawaka na kuzima, gari lilikuishia nguvu ulipokuwa ukipanda mlima Kitonga, na mafundi wawili wamekupa majibu yanayopingana. Mmoja anataka kuiziba EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) kwa bati, kuupasua moyo wa DPF na kufuta makosa kwenye kompyuta ya gari. Mwingine anataka kuvisafisha vyote viwili. Mimi nina gari lenye injini hiyohiyo, SkyActiv-D ya lita 2.2, nalo nililinunua mkononi, na tatizo hilo nimelipitia. Jibu langu ni kwamba usafishe, lakini usiruhusu fundi yeyote aguse boliti ya EGR wala ya DPF kabla hajakuonyesha masizi yanatoka wapi na kwa nini gari limeshindwa kuyachoma lenyewe.

Injini hii ilipoingia sokoni Japani mwaka 2012 ilikuja na uwiano wa mgandamizo wa 14 kwa 1, ambao ni mdogo kwa injini ya dizeli, na hilo liliwawezesha Mazda kutimiza masharti ya moshi ya wakati ule bila kufunga mtambo wa kunyunyiza urea kwenye moshi ili kuusafisha. Mzigo mkubwa ukabaki kwa EGR, ambayo hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako na hivyo kupunguza oksidi za naitrojeni, na kwa DPF, ambalo ni chujio la kauri linalonasa masizi kabla hayajafika nje. Moshi unaorudishwa na EGR ukikutana na mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini, vinagandamana na kuwa utando mweusi wenye kunata, ambao unaziba valvu ya EGR na manifoldi ya kuingizia hewa kidogokidogo mpaka injini inakosa pumzi.

DPF kwa upande wake hujichoma yenyewe. Kompyuta ikihesabu kwamba masizi yamefika kiwango fulani, huagiza nozeli zinyunyize dizeli ya ziada baada ya mwako wa kawaida, dizeli hiyo huunguzwa ndani ya njia ya ekzosi, na joto la chujio hupanda hadi kufikia nyuzi 600 hivi, ambapo masizi hugeuka kuwa gesi na kuondoka. Kazi hiyo inataka injini iliyokwisha kupata moto wake kamili na mwendo usiokatika wa kama dakika 15 hadi 20. Mtu anayetoka Mbezi asubuhi kwenda Kariakoo, akasimama foleni Kimara na Ubungo, kisha akazima gari katikati ya zoezi lile, anaacha masizi yakiwa palepale, na sehemu ya dizeli iliyokwisha kunyunyizwa inateleza kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili cha gari lako ukitazame vizuri: juu ya alama ya F kuna alama ya X. Oili ikiwa imepanda kuelekea kwenye X ilhali hakuna aliyeongeza, iliyoongezeka ni dizeli, na unatakiwa kumwaga oili hiyo yote mapema badala ya kusubiri kilomita za sevisi zitimie.

Sasa nije kwenye chanzo, maana hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Kwenye gari langu mkosaji mkuu alikuwa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, au tuseme ukosefu wake. Gereji moja ilikuwa imeing'oa wakati wa mwenye gari aliyenitangulia, kwa imani ile iliyozoeleka mjini kwamba nchi ya joto haihitaji themostati na kwamba gari likiwa nayo litachemka. CX-5 za toleo lile hazina geji ya joto. Zina taa ya bluu inayoashiria kuwa injini bado ni ya baridi, na taa nyekundu ya hatari. Taa ya bluu ya kwangu ilikuwa ikikawia mno kuzima, na kwenye barabara iliyofunguka ilikuwa ikirudi kuwaka, jambo ambalo mtu aliyezoea kuogopa kuchemka huliona kuwa ni heri. Fundi aliyenisaidia aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tukaendesha tukiwa tunasoma joto la maji, na likawa halifiki kiwango ambacho kompyuta ingeruhusu DPF ianze kujichoma. Kwa hiyo gari lilikuwa linazalisha masizi kila siku na halikupata nafasi ya kuyachoma. Ningekata DPF siku ile, ningekuwa nimeondoa chujio zima na kuiacha injini iendelee kufanya kazi ikiwa baridi, ikila dizeli zaidi na kujichakaza.

Cha pili kilikuwa kidogo hata kwa bei. Sensa inayopima tofauti ya presha kabla na baada ya DPF inaunganishwa na mipira, na mpira mmoja ulikuwa umepasuka kwa urefu, pale unapokaziwa na klipu, kiasi kwamba ufa huo hauonekani mpaka uukunje kwa vidole. Mpira ukiwa hivyo, au sensa ikiwa imechoka, kompyuta inasoma presha ya uongo, na DPF nzima inaweza kuhukumiwa kuwa imeziba. Kipimo chake ni rahisi: washa swichi bila kuwasha injini, kisha usome sensa hiyo kwenye mashine. Inatakiwa isome sifuri au karibu kabisa na sifuri, kwa kuwa hakuna moshi unaopita. Ikisoma namba yoyote ya maana hapo, anza na sensa na mipira yake.

Baada ya hapo ndipo mwambie fundi atazame nozeli inayovuja, bomba la hewa ya turbo lililolegea au kupasuka, turbo inayopitisha oili, na EGR iliyokwama ikiwa wazi. Kwenye injini hii usisahau sensa ya presha ya hewa iliyopo kwenye manifoldi; tundu lake huzibwa na masizi, kompyuta ikakosea hesabu ya hewa, na moshi ukazidi. Kuifungua na kuipulizia sprei ya kusafishia sensa ni kazi ya muda mfupi.

Kusafisha kwenyewe kuna namna yake. Valvu ya EGR ifunguliwe ikiwa injini imepoa, ipuliziwe sprei na kusuguliwa kwa brashi laini, wala isitumbukizwe nzima kwenye petroli, kwa sababu ina mota na sensa yake upande mmoja. Manifoldi ya aluminiamu isilowekwe kwenye maji ya kostiki soda, hata kama fundi anakuambia kwamba yanang'arisha. Kostiki inakula aluminiamu, na ile rangi ya kijivu inayobaki baada ya kuoshwa ni ngozi ya chuma chako iliyokwenda na maji. Kipoza moshi cha EGR kikaguliwe kama kinavuja, hasa kama maji ya rejeta yamekuwa yakipungua bila tone kuonekana chini ya gari.

DPF ikishafunguliwa hupulizwa na kuoshwa kutoka upande safi kurudi upande mchafu, kisha hukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Asipitishe mtu waya wala nondo ndani yake, kwa kuwa kauri ikivunjika hapo hakuna tena cha kusafisha. Wapo watakaokushauri uilazimishe kujichoma kwa mashine gari likiwa limesimama. Inafaa masizi yakiwa ya wastani, lakini iliyojaa kupita kiasi inaweza kupata joto la kuipasua, na kwa vyovyote vile zoezi hilo lisifanyike gari likiwa juu ya majani makavu. Kazi ikiisha, kompyuta iambiwe kwa mashine kwamba DPF imesafishwa, la sivyo itaendelea na hesabu za zamani.

Kuhusu pendekezo la fundi wa kwanza, naelewa limetoka wapi. Kwenye injini za zamani kama 1KZ-TE ya Prado na Surf, EGR inaendeshwa kwa vakyumu, na mafundi walizoea kuiziba kwa kipande cha bati bila taa yoyote kuwaka. Injini yako inapima hewa inayoingia na kuilinganisha na moshi inaotarajia kurudishiwa, kwa hiyo bati lile litawasha taa na gari litapunguziwa nguvu, na hapo utaambiwa ulipie kuandikwa upya kwa programu ya kompyuta. DPF ikipasuliwa bila programu kubadilishwa, gari linaweza kuendelea kunyunyiza dizeli ya kuchoma chujio ambalo halipo, na oili ikaendelea kuharibika vilevile. Programu ikibadilishwa, hujui aliyeiandika amezima makosa gani mengine, na siku nozeli itakapoanza kuvuja hutapata onyo mapema. Zaidi ya hayo kuna moshi wenyewe: mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na wanaouvuta ni bodaboda aliye nyuma yako kwenye foleni na watoto wanaosubiri daladala. Mimi siwezi kulikwepa hilo kwa kusema kwamba malori yanatoa zaidi.

Oili nayo ina neno lake. Tumia yenye alama ya JASO DL-1 au ACEA C3, ambazo zina viambato vichache vya kuacha majivu. Majivu ya oili, tofauti na masizi, hayaungui kwa joto lolote la DPF. Yanabaki humo mpaka yaoshwe, na oili za kawaida za malori zinayaleta kwa wingi. Kwenye mafuta, viwango vya Afrika Mashariki vya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni vilianza kutumika mwaka 2015, kwa hiyo kisingizio cha kwamba dizeli yetu hairuhusu DPF kimepungua nguvu. Kilichobaki ni kuepuka uchakachuaji kwa kujaza kwenye vituo unavyoviamini, ingawa mafuta huwekewa vinasaba, yaani alama ya kuyatambua yaliyochakachuliwa.

Kuna hali moja ambayo kusafisha hakutakusaidia. Gari likiwa limepoa, pitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi. DPF iliyo nzima huuacha ukiwa karibu msafi. Kidole kikitoka cheusi tii, chujio huenda limekwisha kupasuka au kutobolewa kabla hujalinunua gari, na hapo utahitaji kulibadilisha. Fanya kipimo hicho leo, kisha mwombe fundi wa pili akusomee sensa ya presha swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, pamoja na joto la maji baada ya kuendesha nusu saa, uziandike namba hizo hapa ili tujue kama kazi ianzie kwenye themostati, kwenye mipira au kwenye nozeli.