Hela ya kuazimwa benki haimleti mumeo Uingereza

SWALI: Mimi ni raia wa Uingereza, naishi Leicester na nahudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo. Mshahara wangu ni pauni 24,000 kwa mwaka. Mume wangu yuko Tanga, ana duka la vifaa vya ujenzi na kiwanja. Kuna jamaa anasema atatuwekea pauni 30,000 kwenye akaunti yangu kwa mwezi mmoja, nimlipe 2,000, nichukue taarifa ya benki tuombe visa. Itatosha?

JIBU: Haitatosha, dada, na tafadhali usimpe huyo mtu hata senti. Karibu kila wiki naletewa habari hii hii, jina la kishoka, yaani wakala asiye halali, ndilo tu linabadilika. Wote wanauza imani moja: kwamba ofisa wa visa anatazama salio la mwisho, akiliona nono anagonga muhuri. Anachotazama ni fedha zilikotoka na zimekaa kwa nani, kwa muda gani. Akiba inahesabiwa ikiwa imekaa mikononi mwenu miezi 6 kamili, na kinachochukuliwa ni kiwango cha chini kabisa ilichowahi kushuka katika miezi hiyo. Fedha ya mkopo haihesabiwi kabisa, hata ikikaa mwaka. Zawadi ya mzazi inakubalika ikiwa ni yenu kweli, ikatimiza miezi hiyo, na chanzo chake kikaelezwa.

Kipato kinachotakiwa tangu tarehe 11 Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Zamani kilikuwa 18,600, ndiyo maana shoga yako aliyemleta mumewe mapema anakupa hesabu nyingine. Wewe umepungukiwa 5,000. Kuziba pengo kwa akiba unazidisha 5,000 mara 2.5, unapata 12,500, kisha unaongeza 16,000 ambazo sheria haizihesabu. Jumla ni pauni 28,500. Kishoka wako amepatia kiasi; muda na umiliki ndivyo alivyovificha.

Faida ya duka la mumeo haitakusaidia, kwa sababu kazi na biashara ya mwombaji aliye nje ya Uingereza haiingii kwenye hesabu. Watu hukasirika nikiwaambia hili, na nawaelewa, maana mwanamume anajitegemea na ana hati zote za TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Lakini kiwanja ni habari nyingine. Kama kilikuwa mali yake miezi 6 kabla ya maombi, kikauzwa, fedha ya mauzo inaweza kutumika kama akiba bila kusubiri miezi 6 mingine, mradi hati ya umiliki, mkataba wa mauzo na taarifa za benki vioane. Akiwa na nyumba ya kupangisha, kodi anayopokea nayo inahesabiwa.

Na hapo kazini, unalipwa kwa saa? Basi wastani wa miezi 6 ndio unaotazamwa, ovataimu ikiwemo. Wahudumu wengi wa wazee hufika 29,000 kwa zamu za ziada bila kuuza chochote. Ila kila hati ya mshahara ilingane na kiasi kilichoingia benki.

Sasa nisikilizeni na ninyi wengine mnaosoma, wa Reading, Milton Keynes na kokote. Kunyimwa visa kwa kupungukiwa kipato kunauma, na ada ya maombi hairudi, lakini mnajipanga na kuomba tena. Kunyimwa kwa udanganyifu ni jambo jingine kabisa. Rekodi ile inamfuata mwombaji, na hata visa ya matembezi anaweza kufungiwa hadi miaka 10. Kishoka hatakuwa na jina kwenye fomu. Sahihi ni zenu ninyi wawili. Nimeona ndoa zikivunjika kwa hili, watu waliopendana kwa dhati, na ambao wangetosheleza masharti kihalali lau wangesubiri miezi michache.

Kutoa ushauri wa uhamiaji hapa Uingereza bila idhini ni kosa la jinai. Mshauri halali ni wakili, au aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji hapa Uingereza, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Mwombe mtu wako namba ya usajili kabla ya kumpa pasipoti. Akianza kukutajia watu aliowavusha badala ya namba, chukua karatasi zako uondoke.